Wenger na Arsenal: mstari uchorwe 2013, si 2006

Tangu Arsenal waisimamishe sanamu ya Arsène Wenger nje ya Uwanja wa Emirates mwezi Julai 2023, mjadala juu ya kocha huyo umefufuka hapa Tanga na haujapoa. Ukikaa kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, au ukisubiri mechi ianze katika kibanda umiza cha Makorora, utawakuta mashabiki wa Washika Bunduki, kama Arsenal wanavyoitwa, wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaomtaja kwa heshima kama mwalimu aliyeijenga klabu upya, kuanzia chakula cha wachezaji hadi uwanja wenyewe. Wapo pia, wengi wao wakiwa vijana walioanza kuifuatilia timu ikiwa tayari imehama uwanja wake wa zamani wa Highbury, wanaomkumbuka kama mzee mkaidi aliyewafanya wachekwe kila Jumatatu shuleni na kazini. Pamoja na tofauti zao, makundi haya yanakubaliana katika jambo moja: kwamba miaka 22 ya Wenger inakatwa mwaka 2006, timu ilipohamia Emirates, na kwamba yaliyo kabla ya hapo ni mafanikio na yaliyofuata ni kushindwa.

Naamini mstari huo umechorwa mahali pasipo pake. Miaka kati ya 2006 na 2013, ambayo ndiyo inayodharauliwa kuliko yote, ndiyo iliyobeba kazi ngumu zaidi aliyopata kuifanya. Lawama zinazomstahili zinaanzia kiangazi cha 2013, wakati fedha ziliporudi na vikwazo vikalegea. Anayeuhamisha mstari huo hapunguzi makosa ya Wenger hata kidogo. Anayaweka kwenye miaka yake halisi, na kwa kufanya hivyo anaona pia ni nani wengine waliokuwa na sehemu katika makosa hayo.

Kuhusu muongo wa kwanza hakuna ubishi mkubwa. Wenger aliwasili Oktoba 1996 akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japani, na mechi yake ya kwanza ilikuwa ushindi wa 2-0 dhidi ya Blackburn, mabao yote mawili yakifungwa na Ian Wright. Alibadili lishe ya wachezaji, akasisitiza mazoezi ya kunyoosha viungo, na akawaongezea miaka ya kucheza mabeki waliodhaniwa kuwa wamekwisha, kina Tony Adams, Lee Dixon, Nigel Winterburn na Martin Keown. Msimu wake wa kwanza kamili, 1997/98, ulimalizika kwa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja. Akarudia hivyo hivyo 2001/02. Na msimu wa 2003/04 kikosi chake kilicheza mechi zote 38 za ligi bila kufungwa, kikishinda 26 na kutoka sare 12.

Kwa mashabiki wa huku kwetu kuna sababu nyingine ya mapenzi, nayo ina jina la Nwankwo Kanu. Wenger alimsajili mwanzoni mwa 1999, wakati klabu nyingi zingeogopa kumgusa mchezaji aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa moyo. Mwezi Oktoba mwaka huo, kwenye uwanja wa Chelsea, Arsenal walikuwa nyuma kwa mabao 2-0 zikiwa zimebaki kama dakika kumi na tano. Kanu akafunga la kwanza, akasawazisha, na katika dakika za mwisho akaufuata mpira pembeni kabisa kushoto, akampiga chenga kipa Ed de Goey aliyekuwa ametoka golini, kisha kutoka karibu na mstari wa mwisho, mahali ambapo wengi wangetafuta mtu wa kumpasia, akaupinda mpira hadi wavuni. Wanaume wenye mvi leo hapa Tanga bado wanalielezea bao lile kwa mikono na miguu. Baada yake wakaja Lauren, Kolo Touré, Emmanuel Eboué, Alex Song na Emmanuel Adebayor, na kabla ya wote hao Wenger, akiwa Monaco, ndiye aliyemchukua George Weah kutoka Kamerun mwaka 1988, miaka saba kabla Weah hajatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Klabu za Ulaya zilizowaamini Waafrika mapema kiasi hicho katika nafasi zote, kuanzia ulinzi hadi ushambuliaji, hazikuwa nyingi, na kumbukumbu hiyo ina uzito wake hata kama haimo katika kabati la makombe.

Hata hivyo muongo huo nao una doa, na wanaomsifu huliruka. Wenger hakuwahi kutetea ubingwa wa ligi hata mara moja. Ukuta uliompa taji la 1998 ulijengwa na mtangulizi wake, George Graham, na alipolazimika kujenga wa kwake alifanikiwa kwa muda mfupi tu. Katika Ligi ya Mabingwa, kikosi kisichofungika katika ligi ya nyumbani kilitolewa na Chelsea katika robo fainali ya 2004, mbele ya mashabiki wake Highbury. Fainali pekee aliyoifikia, ile ya Paris ya Mei 2006, aliipoteza kwa Barcelona 2-1 baada ya kipa Jens Lehmann kuonyeshwa kadi nyekundu mapema na timu kuongoza hadi dakika ya 76 ikiwa na watu kumi. Mtu anayetaka kumweka Wenger katika safu ya makocha wakubwa wa Ulaya analazimika kulijibu swali hilo, na jibu la bahati mbaya linatosha kwa usiku mmoja wa Paris, halitoshi kwa miaka ishirini.

Sasa tufike kwenye miaka yenye ubishi. Highbury ilichukua watazamaji wapatao 38,000, huku Old Trafford ya Manchester United ikiingiza karibu mara mbili ya hao, na pengo hilo la mapato ya mlangoni lilikuwa linakua kila msimu. Arsenal wakaamua kujenga uwanja mpya wa watu 60,000 kwa gharama ya takribani pauni milioni 390, fedha ambayo klabu haikuwa nayo. Ili kuipata, walikopa, na mwaka 2004 wakauza kwa mkupuo jina la uwanja na nafasi ya mdhamini kwenye jezi kwa mkataba wa takribani pauni milioni 100, ambao ulifunga mapato yao ya udhamini kwa miaka mingi katika kiwango ambacho soko lilikipita haraka. Wenger mwenyewe amewahi kueleza kwamba mabenki yalitaka ahadi yake ya kubaki miaka mitano kabla ya kutoa mkopo, kwa sababu hesabu nzima ya marejesho iliegemea timu kucheza Ligi ya Mabingwa kila mwaka.

Wakati huo huo, mazingira yalibadilika kwa namna ambayo waliopanga uwanja hawakuitarajia. Roman Abramovich aliinunua Chelsea mwaka 2003, na mwaka 2008 Manchester City ikapata mmiliki kutoka Abu Dhabi. Klabu iliyokuwa imejipanga kushindana na Manchester United kwa kuongeza viti ikajikuta inashindana na watu ambao hawakuhitaji viti kabisa. Wachezaji wakaanza kuondoka: Ashley Cole akaenda Chelsea mwaka 2006, Thierry Henry akaenda Barcelona mwaka 2007, Adebayor na Kolo Touré wakaenda City mwaka 2009, Cesc Fàbregas na Samir Nasri wakauzwa kiangazi kimoja cha 2011, na mwaka uliofuata Robin van Persie akavuka hadi Manchester United, akawafungia mabao 26 ya ligi na kuwapa ubingwa.

Katika hali hiyo Wenger alimaliza ndani ya nne bora, nafasi zinazoipeleka timu Ligi ya Mabingwa, kila msimu. Vijana hucheka wakisikia hivyo, hasa wakikumbuka alivyowahi kusema kwamba nafasi ya nne ni kama taji. Namwelewa anayecheka, kwa kuwa hakuna anayevaa jezi kwenda kushangilia nafasi ya nne. Lakini tuitazame nafasi hiyo kwa macho ya watu wa Tanga. Coastal Union, mabingwa wa nchi wa mwaka 1988, na ndugu zao African Sports, wote wamekuwa wakiutegemea Uwanja wa Mkwakwani ambao si mali yao, bali ya Chama Cha Mapinduzi. Mashabiki wa Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wanajua maana ya timu kuishi bila ardhi yake yenyewe, pale kila mpango wa mapato unapoanza kwa kuomba ruhusa ya mtu mwingine. Sisi tunaolijua jambo hilo kwa karibu hatupaswi kuwa wepesi wa kudharau kocha aliyekubali kuutoa muongo mzima wa makombe yake ili klabu imiliki uwanja wake na kuulipia kutoka mfukoni mwake. Huo uwanja ndio unaowalipa wachezaji wa leo.

Upande wa pili una jibu, na ni jibu zito. Ufukara wa Arsenal haukuwa mkubwa kiasi cha kukosa kipa. Kwa misimu kadhaa timu ilicheza soka la kuvutia kuliko wote huku ikiwategemea Manuel Almunia na Lukasz Fabianski langoni, na bila kiungo mkabaji wa kuaminika aliyeziba nafasi ya Patrick Vieira. Msimu wa 2007/08 walikuwa wakiongoza ligi mwezi Februari na wakamaliza pointi nne tu nyuma ya mabingwa Manchester United. Beki mmoja mzoefu aliyesajiliwa Januari huenda angeziba pengo hilo. Kisha likaja tukio la Wembley, tarehe 27 Februari 2011, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Birmingham, matokeo yakiwa 1-1 na dakika zikielekea 90. Mpira mrefu usio na madhara ukaingia kwenye boksi. Laurent Koscielny akaenda kuupiga, kipa kijana Wojciech Szczesny akaenda kuudaka, kila mmoja akamwachia mwenzake au akamwingilia mwenzake, mpira ukawaponyoka wote wawili, na Obafemi Martins akausukuma kwenye lango tupu. Birmingham walishuka daraja mwishoni mwa msimu huo. Miezi sita baadaye Arsenal walifungwa 8-2 Old Trafford, na ndipo katika siku za mwisho za dirisha la usajili Wenger akakimbilia kuwachukua Per Mertesacker na Mikel Arteta, wachezaji wazoefu wa aina ile ile ambayo kwa miaka alikuwa akisema haihitaji.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba miaka hiyo haikuwa na makosa yake binafsi. Ninachosema ni kwamba makosa hayo yalikuwa ya mtu anayetembea kwenye ukingo mwembamba: angekosa nafasi ya nne mara mbili mfululizo, mpango mzima wa madeni ungetikisika. Kuna makocha wengi wenye majina makubwa ambao wangeondoka mwaka wa pili, baada ya kuona nyota wanauzwa na hakuna mbadala, na Wenger alikuwa na milango mingine ya kupita. Alibaki. Uamuzi huo ulimgharimu sifa yake katika macho ya kizazi kizima cha mashabiki, na nadhani ni haki aurudishiwe kwenye hesabu.

Mambo yanabadilika 2013. Mkataba mpya na Emirates ulikuwa umeshatangazwa mwishoni mwa 2012, mkataba wa jezi na Puma ungeanza 2014, na mwezi Septemba 2013 Mesut Özil akasajiliwa kutoka Real Madrid kwa pauni milioni 42.5, bei iliyovunja kwa mbali rekodi ya klabu. Mwaka uliofuata akaja Alexis Sánchez. Kuanzia hapo kocha hakuwa tena yatima wa fedha, na ni kuanzia hapo ndipo anapaswa kupimwa kwa kipimo kile kile cha wengine.

Watetezi wake watasema alipimwa na akafaulu: Kombe la FA mwaka 2014, 2015 na 2017, na kumfanya kocha mwenye makombe saba ya mashindano hayo. Wapinzani hujibu kwamba hilo ni kombe la kujifariji. Hapa nasimama na watetezi bila kusita. Sisi Tanga tulionja uchungu wa fainali ya kombe la aina hiyo Julai 2022 mjini Arusha, Coastal Union walipotoka sare ya 3-3 na Yanga, Abdul Suleiman Sopu akifunga mabao yote matatu, kisha wakapoteza kwa mikwaju ya penalti. Hakuna shabiki wa Wagosi aliyerudi kutoka Arusha akisema lile lilikuwa kombe dogo. Fainali ya 2014, ambapo Arsenal walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Hull ndani ya dakika nane za mwanzo na wakaja kushinda 3-2 kwa bao la Aaron Ramsey katika muda wa nyongeza, ilimaliza ukame wa miaka tisa, na haifai kufutwa kwa sababu tu mpinzani hakuwa na jina.

Tatizo ni kwamba makombe hayo yalifunika jambo jingine. Kiangazi cha 2015 Arsenal walimsajili kipa Petr Čech na hawakumleta mchezaji mwingine hata mmoja wa ndani ya uwanja kwa kikosi cha kwanza. Msimu uliofuata, 2015/16, wakubwa wote waliyumba kwa wakati mmoja: Chelsea walimfukuza José Mourinho, City walikuwa wakimsubiri Pep Guardiola, United walikuwa hawajajipata tangu Alex Ferguson astaafu. Ligi ilibaki wazi kuliko wakati wowote katika kizazi hiki, na aliyeingia mlangoni alikuwa Leicester City kwa pointi 81, Arsenal wakiwa wa pili kwa 71. Katika makosa yote ya Wenger, hili ndilo ninaloona kuwa halina utetezi. Fedha zilikuwepo, nafasi ilikuwepo, na udhaifu wa kiungo na ushambuliaji ulikuwa unaonekana na kila mtu aliyekuwa akitazama. Miaka ya 2006 hadi 2013 alishindwa kwa sababu hakuwa na nyenzo; mwaka ule alikuwa na nyenzo na hakuzitumia.

Baada ya hapo mteremko ulikuwa mkali. Kutolewa katika 16 bora ya Ligi ya Mabingwa kulishakuwa desturi ya miaka saba mfululizo, na mara ya mwisho, 2017, Bayern Munich waliwafunga 5-1 nyumbani na 5-1 ugenini. Mwezi Machi mwaka huo, timu ikicheza na West Brom, ndege mbili ziliruka juu ya uwanja zikivuta mabango, moja likimtaka Wenger aondoke na jingine likimtaka abaki. Msimu huo wakamaliza wa tano, nje ya nne bora kwa mara ya kwanza tangu awasili, na uliofuata wa sita kwa pointi 63. Sánchez alikwenda United Januari 2018 kwa kubadilishana na Henrikh Mkhitaryan kwa kuwa mkataba wake ulikuwa unakwisha, na Ramsey akaondoka bure mwaka mmoja baada ya kocha mwenyewe kuondoka. Kuacha mikataba ya wachezaji muhimu ifike ukingoni ni kosa la uongozi zaidi ya mbinu, na linatuleta kwa watu ambao mjadala wetu huwasahau.

David Dein, makamu mwenyekiti aliyemleta Wenger na aliyekuwa mkono wake wa kulia katika usajili, aliondoka Aprili 2007. Tangu hapo hakuna aliyeonekana kuwa na uzito wa kumwambia kocha hapana. Stan Kroenke akawa mmiliki mwenye hisa nyingi mwaka 2011, na bodi iliyoridhika na hesabu za fedha haikuwa na haraka ya kuunda idara ya usajili yenye watu wenye sauti yao, kama klabu nyingine zilivyokuwa zikifanya. Wenger aliupenda uhuru huo, hilo halina shaka, na mtu anayependa mamlaka yote hubeba lawama yote yanapoharibika. Lakini waliompa mamlaka hayo, wakakaa kimya hadi mashabiki walipokodi ndege, wana fungu lao.

Yaliyofuata husomwa kwa namna mbili. Kwa watetezi, nafasi ya nane mara mbili mfululizo, 2020 na 2021, ni ushahidi kwamba mzee alikuwa akiibeba timu mabegani. Kwa wapinzani, ni ushahidi kwamba alikabidhi kikosi kilichooza. Usomaji wa pili una nguvu zaidi kwangu, ingawa si kwa asilimia mia: Unai Emery, mrithi wake, akiwa na kikosi karibu kile kile, alipata pointi 70 msimu wake wa kwanza na kufika fainali ya Ligi ya Europa, kwa hiyo kikosi hakikuwa mfu, kilichokuwa kimekufa ni mfumo wa kukijaza upya. Arteta, nahodha wa zamani wa Wenger aliyekuja kuwa kocha baada ya Emery, alihitaji misimu kadhaa ya kuvunja mikataba mibaya na kununua vijana ndipo aanze kushika nafasi ya pili, 2023, 2024 na 2025. Alifanya hivyo kwa fedha za uwanja wa watu 60,000 unaojaa.

Linabaki suala la lini alipaswa kuondoka. Wapo wasemao 2006, na kwa hoja nilizotoa nadhani wanakosea vibaya, kwani klabu ingeyumba katika miaka ya deni. Wapo wasemao Mei 2014, akiwa na kombe mkononi na ukame umekatika, na hao wana hoja nzuri, ingawa ingekuwa vigumu kwa binadamu yeyote kuondoka siku fedha zinapoingia baada ya kuzisubiri miaka saba. Mei 2017 ni habari nyingine. Siku chache baada ya kuifunga Chelsea 2-1 katika fainali ya FA, bodi ilimpa mkataba wa miaka miwili, ikiwa imeshaona nafasi ya tano, mabao kumi ya Bayern na mashabiki waliogawanyika hadi angani. Mkataba huo haukufika hata nusu ya pili ya muda wake. Wenger aliusaini kwa kuwa hakuwahi kujua maisha mengine nje ya mazoezi ya asubuhi, na hilo naweza kulielewa. Waliouandika walikuwa na kila takwimu mezani na kazi moja tu ya kufanya, na sanamu ya 2023 haiwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya deni lao kwake.